Jina libadilishwe mwisho: mwongozo wa kufufua chapa ya maduka ya elektroniki

Agosti 2009 kampuni ya Marekani ya RadioShack ilianza kujitangaza kwa jina la The Shack. Ilisimamisha kompyuta kubwa mno kwenye uwanja wa Times Square, New York, na nyingine San Francisco, ili watu wa miji hiyo miwili waonane kwa video. Matangazo yakasema The Shack, huku juu ya milango ya maduka pakiendelea kusomeka RadioShack. Tarehe 5 Februari 2015, ikiwa na maduka yapata 4,000, kampuni ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

Mwaka 2012 mshindani wake, Best Buy, naye alikuwa taabani. Hesabu za mwaka wa fedha ulioishia mapema mwaka huo zilifungwa kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni 1, mkurugenzi mkuu akajiuzulu Aprili, na wateja walikuwa wakiingia dukani kuitazama runinga na kuuliza maswali, kisha wakaenda kuinunua Amazon. Septemba usukani akakabidhiwa Hubert Joly, Mfaransa ambaye hakuwa amewahi kuongoza kampuni ya rejareja. Hakugusa jina. Hakugusa ile lebo ya njano ya nembo yake. Nembo ilikuja kubadilishwa Mei 2018, kampuni ikiwa imeshasimama imara.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa pili, ule wa Best Buy: duka kwanza, bango baadaye. Kama una matawi ya kuuza runinga, friji, simu na spika, na mauzo yanashuka mwaka hadi mwaka, wapo watakaokushauri uanze na bango, rangi na jina, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayoonekana haraka. Wasubiri. Nyuma ya kila tawi kuna watu wanaolisha familia, na pesa ya kubadili mabango ni ileile ambayo ingeliokoa tawi lao.

1. Fungua hesabu za tawi mojamoja

Hesabu za jumla zinaficha mengi. Chukua kila tawi peke yake uandike mauzo ya miezi 24, faida kabla ya gharama za uendeshaji, pango, mishahara, umeme, upotevu, na thamani ya mzigo uliododa stoo. Mara nyingi utakuta matawi machache yanawabeba wenzao wote, na moja au mawili yanakula faida ya mengine kimyakimya kwa sababu yako mtaa wenye sifa na pango lake ni kubwa.

Kisha gawa hesabu kwa aina ya bidhaa. Runinga na simu zinaleta fedha nyingi lakini faida yake ni nyembamba. Kebo, chaja, stendi za ukutani, betri, rimoti na stabilaiza zinaleta fedha kidogo kwa mteja mmoja, ila faida yake ni nene. Mwenye duka asiyelijua hili hujaza runinga kubwa mbele ya duka, halafu anashangaa akaunti haikui.

Mzigo uliododa uamue sasa hivi. Simu iliyokaa kabatini mwaka mzima haitapanda bei tena. Iuze hata chini ya uliyoinunulia, kwa sababu fedha hiyo itakufaa zaidi kwenye hatua zinazofuata kuliko simu inayozeeka kwenye boksi.

Ukimaliza makaratasi, nenda kakae dukani. Joly alianza kazi yake kwa siku kadhaa kwenye duka la St. Cloud, Minnesota, akiwa amevaa shati la bluu la wauzaji na beji iliyoeleza kwamba ni mkurugenzi mkuu anayejifunza kazi. Huko ndiko alikoonyeshwa kwamba ukitafuta Cinderella kwenye tovuti ya kampuni unaletewa kamera za Nikon. Huko pia alisikia uchungu wa wafanyakazi ambao punguzo lao la bei lilikuwa limekatwa. Taarifa kama hizo haziandikwi kwenye ripoti ya mwezi. Vaa sare, simama kaunta, na mkabidhi mtu mwingine simu yako.

2. Tafuta jambo ambalo mteja bado anakuja kulifuata kwako

Hatua hii ndiyo roho ya kazi nzima, na ndipo RadioShack ilipopotea.

Kampuni hiyo ilianzishwa Boston mwaka 1921, ikiwauzia vifaa wapenzi wa redio. Charles Tandy wa Texas aliinunua mwaka 1963 na kuifanya duka la kila mji: transista, waya, betri, chuma cha kulehemu, na muuzaji anayejua kwa nini redio yako imenyamaza. Mwaka 1977 iliuza kompyuta ya TRS-80 kwa dola zisizofika 600, wakati watu wengi hawakuwa wameiona kompyuta kwa macho. Aliyekuwa na shida ya kuunganisha kifaa na kifaa alijua pa kwenda.

Kisha zikaja simu za mkononi. Kamisheni ya kuunganisha mteja na kampuni ya simu ilikuwa tamu, na miaka ya 2000 duka likageuka la simu. Vipuri vilisogezwa nyuma vikaishia kwenye droo chache. Lakini simu iliuzwa kila mahali: kampuni za simu zilifungua maduka yao wenyewe, na Apple vilevile. Faida ya simu ilipobanwa, RadioShack ilibaki na kitu ambacho kila mtu anacho, na kile kilichokuwa chake peke yake kilikuwa kimesahauliwa. Mwaka 2011 iliwauliza wapenzi wa vipuri wanataka nini, na bodi za Arduino, vibao vidogo vya kielektroniki vya kujitengenezea vifaa, zikaanza kuwekwa madukani. Wazo lilikuwa zuri. Lilikuja wakati wateja hao walishazoea kuagiza mtandaoni.

Zungumza na makundi matatu ya watu: wanaonunua sasa, walionunua zamani wakaacha, na wanaopita mbele ya duka lako bila kuingia. Kundi la pili ndilo lenye dawa, na namba zao unazo kwenye kadi za waranti. Usiwaulize kama wanalipenda jina lako, kwani watakujibu kwa adabu. Waulize runinga yao ya mwisho waliinunua wapi, nani aliwashauri, walihofia nini kabla ya kutoa fedha, na ilipoharibika walimpigia nani. Mijini kwetu, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, hofu kubwa ya mnunuzi wa elektroniki ni kuuziwa feki, na ya pili ni kukosa wa kumrudia kifaa kikigoma. Kama majibu yako yanalingana na hayo, basi njia yako imeshaonekana.

Mwisho wa kazi hii uandike sentensi moja ya ahadi. Ipime hivi: je, duka la mlango wa pili linaweza kuisema sentensi hiyohiyo bila kudanganya? Kama linaweza, anza upya. "Bidhaa bora kwa bei nafuu" kila mtu anaisema. "Friji yako ikigoma ndani ya mwaka mmoja, fundi wetu anafika nyumbani ndani ya siku mbili" ni ahadi inayoweza kubeba jina.

3. Soma mikataba kabla ya kutangaza kufunga matawi

Machi 2014 RadioShack ilitangaza mpango wa kufunga hadi maduka 1,100. Wakopeshaji wake hawakukubali, kwa kuwa mkataba wa mkopo uliruhusu yafungwe 200 tu kwa mwaka bila idhini yao. Kampuni ikaendelea kulipa pango la maduka ambayo yenyewe ilishasema hayafai, tena mbele ya wateja na wafanyakazi waliokwisha kusikia.

Kwa hiyo keti na mwanasheria wako upitie mkopo wa benki, mikataba ya fremu na ya wasambazaji kabla hujamwambia mtu yeyote. Ukishajua unachoweza kufunga, funga kwa mkupuo mmoja. Kufunga tawi moja kila baada ya miezi miwili kunawafanya wafanyakazi wote waishi na barua za maombi ya kazi mfukoni.

4. Tengeneza duka lenyewe

Sasa fedha itumike. Best Buy ilifanya mambo machache yanayoeleweka, na mengi yanafaa hata kwa mwenye matawi matano.

La kwanza ni bei. Mwishoni mwa 2012 ilianza kulinganisha bei zake na za wauzaji wa mtandaoni, na mwaka 2013 ikaufanya utaratibu huo kuwa wa kudumu. Mteja akionyesha bei ya Amazon kwenye simu yake, anauziwa kwa bei hiyo papo hapo. Uamuzi huo uliumiza faida ya bidhaa moja moja, lakini ulimwondolea mteja sababu ya kutoka nje ya mlango. Kwako, weka mipaka iliyo wazi: modeli ileile, mpya, yenye waranti ileile, kutoka kwa muuzaji mwenye anwani na risiti. Picha ya Instagram isiyo na duka nyuma yake usiilinganishe. Mweleze mteja kwa upole tofauti ya kile anachokipata.

La pili, maduka yalifanywa kuwa maghala. Mteja aliyeagiza mtandaoni alitumiwa mzigo kutoka duka la karibu naye. Mwenye matawi Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza anaweza kulifanya hili kwa daftari moja la pamoja la mzigo na kijana wa bodaboda anayeaminika, ili mradi daftari hilo lisiseme uongo. Mteja akiambiwa kitu kipo, akafunga safari akakikosa, umempoteza.

La tatu ni ushirikiano na watengenezaji. Kuanzia 2013 Samsung ilijenga sehemu yake ndani ya maduka ya Best Buy, na Microsoft ikafuata. Watengenezaji walihitaji mahali ambapo mtu anaweza kukishika kifaa kabla ya kukinunua, nao walikuwa tayari kuchangia gharama. Wasambazaji rasmi wa kwetu nao wana bajeti za maonyesho. Waendee ukiwa na hesabu za tawi lako bora, uwaombe rafu, runinga za kuonyesha, na mafunzo kwa wauzaji.

La nne, na kwangu ndilo zito kuliko yote kwa soko letu, ni meza ya fundi. Best Buy iliinunua Geek Squad mwaka 2002, mafundi wanaokuja nyumbani kuunganisha na kutengeneza, na huduma hiyo ikawa nguzo yake ilipoyumba. Muuzaji wa mtandaoni anaweza kukupiku kwa bei. Hawezi kuja Mbagala kutundika runinga ukutani, kuunganisha king'amuzi, na kumwonyesha mama mwenye nyumba rimoti inavyofanya kazi. Weka fundi mmoja mzuri katika kila tawi, bei zake zibandikwe ukutani, na mteja apewe karatasi yenye tarehe ya kukichukua kifaa. Tarehe ikifika na kifaa hakijawa tayari, mpigie wewe kabla hajakupigia.

Mengine ni usafi tu: taa zote ziwake, runinga za maonyesho zisiwe nyeusi, bei ionekane kwa kila kitu, na choo cha wafanyakazi kifanye kazi.

5. Muuzaji wako ndiye chapa

Machi 2007 Circuit City, iliyokuwa ya pili kwa ukubwa Marekani katika biashara hii, iliwafukuza wafanyakazi 3,400 wa madukani kwa sababu mishahara yao ilikuwa juu kuliko kiwango ilichojiwekea. Hao ndio waliokuwa na uzoefu. Novemba 2008 ilikimbilia mahakamani kwa madeni, na mapema 2009 maduka yote yakafungwa. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulichangia, hilo ni kweli, lakini wateja walikuwa wameshakutana na kaunta zisizo na majibu.

Joly alifanya kinyume: moja ya hatua zake za awali ilikuwa kuwarudishia wafanyakazi punguzo lao. Tafuta jambo la namna hiyo kwako. Labda ni kamisheni iliyocheleweshwa, nauli ya jioni, au chakula cha mchana. Litimize kabla hujaongea lolote kuhusu mwanzo mpya. Kisha wafundishe ile sentensi ya hatua ya pili mpaka kila mmoja aweze kuieleza kwa maneno yake. Wasioiamini watakuonyesha ulipokosea, nawe uwasikilize.

6. Sasa uliza: je, jina libadilike?

Ukiwa umefika hapa, huenda jawabu likawa hapana. Jina la zamani lina thamani kuliko wenyewe wanavyodhani. Hata baada ya RadioShack kufilisika, jina lake pamoja na taarifa za wateja viliuzwa mwaka 2015 kwa dola milioni 26.2, na miaka iliyofuata limeendelea kununuliwa na kuuzwa. Mwaka 2023 lilichukuliwa na Unicomer, kampuni yenye asili ya El Salvador ambayo tayari ilikuwa ikiendesha maduka ya RadioShack Amerika ya Kati.

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kubaki na jina na kusafisha nembo, kama Best Buy. Nakushauri uanze kwa kuifikiria hii.

Ya pili ni kukusanya majina mengi chini ya moja. Uingereza, Dixons Carphone ilikuwa na Currys PC World, Carphone Warehouse na Team Knowhow. Oktoba 2021 yote yakawa Currys, jina kongwe kuliko yote hayo, lililotokana na Henry Curry aliyeanza biashara Leicester mwaka 1884 kwa kutengeneza baiskeli. Kama umerithi au kununua maduka yenye majina tofauti, hii ndiyo njia yako: chagua linaloaminika zaidi, hata kama silo linalokupendeza.

Ya tatu ni jina jipya kabisa. Itumie pale tu jina la zamani linapofungamana na kashfa, mgogoro wa familia, au bidhaa ambayo haiuzwi tena. Usijilinganishe na kampuni za simu. Kencell ya Kenya iliweza kuwa Celtel, kisha Zain, kisha Airtel, na Tigo ya Tanzania ikawa Yas mwaka 2024, kwa sababu laini ilibaki ndani ya simu ya mteja. Mteja wa duka inabidi atoke nyumbani akutafute, na asipoliona jina analolijua atapita.

Njia yoyote utakayochagua, tangazo, bango, risiti na mdomo wa muuzaji viseme jina moja. Kampuni iliyojiita The Shack huku mlango ukisema RadioShack iliwaachia wateja kazi ya kukisia.

7. Makaratasi

Tanzania Bara, jina la biashara na alama ya biashara vinashughulikiwa na wakala wa usajili, BRELA, na Zanzibar ni BPRA. Usajili wa upande mmoja haukulindi upande wa pili. Kenya, jina la biashara linasajiliwa BRS na alama ya biashara KIPI. Tafuta kwanza kama jina lipo, sajili, ndipo uchapishe. Lile la zamani usiliachie, maana mwingine akilichukua atavuna wateja wako wa miaka yote. Fuatilia pia leseni ya biashara, taarifa za TRA au KRA, na jina linalotoka kwenye risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulisahau: jina linalotokea kwenye ujumbe wa simu mteja anapolipa kwa lipa namba au till. Mteja aliyeingia kwenye duka lenye jina jipya, akaona fedha yake imepokelewa na jina asilolijua, atadhani ametapeliwa. Libadilishe siku ileile bango linapopanda.

Taarifa za wateja nazo zina sheria. RadioShack ilikuwa maarufu kwa kuuliza namba ya simu hata kwa mnunuzi wa betri, na ilipotaka kuziuza taarifa hizo kwenye ufilisi, wanasheria wakuu wa majimbo kadhaa, Texas ikiwa mbele, walipinga mpaka sehemu kubwa ikazuiwa kuuzwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2019 na Tanzania ya 2022. Usikabidhi orodha ya wateja kwa wakala wa matangazo bila ridhaa yao.

8. Jaribu tawi moja au mawili, tangazo lije mwisho

Chagua tawi la wastani, lisiwe bora kabisa wala baya kabisa. Weka kila kitu kipya hapo: meza ya fundi, bei, mpangilio, bango. Subiri angalau robo mwaka, ukilinganisha na tawi linalofanana nalo ambalo hujaligusa. Tazama wangapi wanaingia, wangapi kati yao wananunua, wangapi wanarudi ndani ya siku 90, na malalamiko ya waranti yanamalizika kwa muda gani. Mauzo ya wiki ya uzinduzi usiyahesabu, maana muziki na punguzo huleta watu popote.

Februari 2014, kwenye Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, RadioShack ilirusha tangazo ambalo watu mashuhuri wa miaka ya 1980 waliingia dukani wakabeba kila kitu na kuondoka. Watazamaji walilipenda sana, nami naamini ni kati ya matangazo ya kweli kabisa ambayo kampuni inayozama imewahi kutoa, kwa kuwa lilikiri kwamba duka lilibaki kwenye miaka hiyo. Ila waliokwenda kwenye tawi la karibu nao wengi walikuta duka lilelile la zamani, kwa kuwa yaliyokarabatiwa yalikuwa machache mno. Kwa hiyo redio, mabango ya barabarani na mitandao visubiri mpaka kila tawi litakalotajwa liwe limekamilika.

Siku ya kubadili jina, andika bango dogo mlangoni lenye jina la zamani na jipya, liache kwa mwaka mzima. Chapisha kadi mpya za waranti, na wape wauzaji agizo la maandishi kwamba kadi ya zamani inapokelewa mpaka tarehe yake iishe, bila mteja kutumwa ofisi nyingine wala kuulizwa kwa nini kadi yake ina jina tofauti.